Mizunguko Mia Tisa

Niliinunua kwa euro arobaini na pakiti ya kahawa
siku mgahawa wa Vanneste, hapa Roubaix,
ulipouza viti, vikombe, hata bawaba za milango.
Pinboli ya mwaka sitini na nane, miguu mitatu,
wa nne ni matofali.
"Utaifanyia nini?" akauliza Firmin, mpwa wangu,
aliyebeba upande mzito huku akilaani ngazi.
Sikumjibu. Nilikuwa nasikiliza gololi
ikibingirika gizani ndani ya sanduku,
kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu
katika nyumba iliyohamwa.

Daftari la jikoni, ukurasa wa Machi:
Fyuzi mbili, euro moja na senti themanini.
Mkate. Vitunguu.
Balbu kumi (nimepata sita).
Ringi za mpira: seti nzima ni bei ya gesi ya wiki mbili.
Nimefuta. Chini yake nimeandika:
tyubu ya baiskeli, bure,
mkasi wa mama.

Mama alirekebisha kasoro kiwandani.
Kitambaa kilimpitia juu ya meza iliyoinamia dirisha
na kidole chake kiliuona uzi uliokatika
kabla ya jicho.
Hakufuma chochote maishani. Alilipwa
ili ionekane hapajatokea kosa.
Nilipofungua tumbo la mashine nikamkuta humo:
nyaya zilizovikwa pamba,
nyekundu kwa nyeupe, kijani kwa manjano,
zimefungwa mafungu kwa uzi wa nta
na mikono ya watu nisiowajua.
Nikapitisha kidole polepole.
Hapa.
Hapa pamekatika.

Swichi nazisugua kwa tupa ya kucha,
tatu kila jioni, baada ya vyombo.
Kutu inajua methali yake, bandu bandu.
Nami naijua, ile ile.

Koili ya pezi la kushoto iliungua zamani,
inanuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni.
Mpya, euro kumi na nane. Kwa hiyo keekee ya mkono,
waya mwembamba kama unywele,
na hesabu: mizunguko mia tisa.
Nilifika mia sita arobaini na moja
simu ikalia. Firmin: nimekula?
"Nimekula," nikasema,
na hesabu ikatoka mdomoni pamoja na neno hilo.
Nikafumua. Nikaanza upya.
Safari hii, kwa kila mia, harage moja mezani.
Yalipotimia tisa niliyarudisha mtungini
na wenzake, yakapikwa Alhamisi.

Kwenye kioo yupo mwanamke mwenye kofia ya manyoya.
Rangi ya uso wake imebanduka yote.
Bibi Baert wa ghorofa ya pili, aliyewahi kuosha glasi kwa Vanneste,
anasema hakuwa akitabasamu:
alikuwa anamtazama mtu nyuma ya mchezaji.
Brashi ninayo. Rangi ya kucha ninayo, tena ya aina tatu.
Nimemwacha hivyo. Balbu inapowaka
mwanga unapita pale uso ulipokuwa.

Tundu la sarafu halijui euro.
Nikapekua kopo la vifungo, nikapata faranga moja,
nikaitumbukiza, ikalia chini, nikaitoa, nikaitumbukiza tena,
kwa raha tu ya kuisikia.
Gololi ya kwanza ilipita katikati ya mapezi
bila kugusa kitu, ikaenda zake.
Nikacheka peke yangu, na gauni la kulalia.
Gurudumu la makumi linakwama kwenye saba.
Tyubu ya baiskeli inarusha kivivu, kama mtu aliyeamshwa mapema.

Lakini pezi la kushoto linapiga kwa nguvu kuliko la kulia,
linapiga hadi kioo kinatetemeka.
Waya mfupi huvuta nguvu zaidi, kasema mwenye duka la vyuma.
Basi mahali fulani nilihesabu vibaya.
Harage moja lilisema uongo,
na sisi tulishalila.